Vocha Isiyo na Muhuri

Sehemu ya sita

Kidole cha Merle, binti wa kaunta, bado kiko juu ya vocha, msomaji wangu, palepale kilipokuwa gazeti lilipoishiwa nafasi Alhamisi iliyopita. Ukucha wake umepakwa rangi ya chungwa.

"Mama, karatasi hii imekufa," alisema.

Bi Irmtraud Hoops hakukubali haraka. Alikuwa ametumikia miaka thelathini na nne katika ofisi ya manispaa, akiandikisha vizazi, ndoa na vifo, na alijua kwamba kitu hakifi kwa kuambiwa tu. Huletwa cheti.

"Imekufa lini?" aliuliza.

"Imeandikwa hapo nyuma. Mwaka mmoja tangu siku ya kununuliwa."

Bi Irmtraud akavaa miwani ya kusomea, akaivua, akavaa ile nyingine. Kweli maandishi yalikuwepo, ila madogo kiasi kwamba hata chawa angeinama kuyasoma.

Kwa aliyekosa toleo la wiki jana, mambo ni haya, na sirudii tena. Jumamosi hii Jette, mjukuu wa pekee, anaanza darasa la kwanza. Kwetu mtoto wa darasa la kwanza huenda shule na vitu viwili: mkoba mgongoni, na koni ya karatasi iliyojaa peremende, ndefu karibu kama yeye. Mabibi wako wawili, vitu viko viwili. Kikao cha kugawana kilifanyika mwezi wa tano kwa kahawa na keki ya stroberi, na Bi Irmtraud akatoka na mkoba. Mkwe wake, Bi Adelheid Rosenhagen, bibi wa upande wa pili, akaangukiwa na koni.

Koni huliwa kwa siku mbili, na siku ya tatu mtoto huumwa tumbo. Mkoba hukaa mgongoni miaka minne, kila asubuhi, jua na theluji. Bi Adelheid alilitambua hilo keki ikiwa imeshakwisha, na tangu siku hiyo roho yake haijatulia.

Na mwanamke huyu ana kila kitu. Jette anaishi nyumba ya tatu kutoka kwake, anaogelea kwenye bwawa lake, anashinda jikoni kwake, anamwita Nyanya. Bi Irmtraud, wa ghorofa ya nne upande wa pili wa reli, anamwona mtoto Jumapili moja kwa mwezi, na mtoto humwita Bibi Mwingine. Humwita hivyo bila ubaya wowote, na hilo ndilo linalouma.

"Usihangaike, mkwe," Bi Adelheid alikuwa amemwambia kwa simu, kwa ile sauti ya huruma inayokwaruza. "Ukikwama, nitanunua vyote viwili. Nitakupigia Ijumaa saa nane."

Sasa ni Alhamisi, saa tano na dakika ishirini, katika duka la Quastenberg. Mkoba ule ule anaoutaka Jette, wa buluu wenye nyangumi, umebaki mmoja, na umelala kwenye kaunta. Bei yake yuro mia mbili arobaini na tisa. Pensheni ya Bi Irmtraud haina yuro mia mbili arobaini na tisa za ziada, si mwezi huu wala ujao. Anayo vocha ya mia mbili hamsini, aliyopewa na wafanyakazi wenzake siku ya kustaafu.

Wangeweza kumpa noti, ndiyo. Lakini kwetu kumpa mtu noti ni kukosa adabu, maana yake hukumfikiria. Ukizichukua noti hizo hizo, ukazipeleka dukani, ukapewa karatasi isiyokubalika kwingine kokote duniani, hapo umemfikiria. Bi Irmtraud aliitia vocha yake kabatini, akiingojea siku inayoistahili.

Turudi kwenye kidole.

"Binti," alisema Bi Irmtraud, "huo mwaka mmoja mmejipangia wenyewe. Ni mfupi mno. Jumatatu nilikwenda ofisi ya kutetea wanunuzi, nikakaa na mama mmoja saa nzima, na nimeandika kila alichosema. Sheria inanipa miaka mitatu."

Merle akahesabu kwa vidole vyake vya chungwa.

"Ilinunuliwa mwezi wa tatu. Miaka mitatu imekwisha mwezi wa tatu mwaka huu, na sasa tuko wa nane. Kwa hiyo imekufa mara mbili, mama."

"Kaunta ya pili ifunguliwe," alisema mwanamume mmoja kwenye foleni, bila kumtazama mtu yeyote, kama tunavyosema sisi.

"Haihesabiwi hivyo," alisema Bi Irmtraud. "Miaka mitatu huanza kuhesabiwa mwaka wa kununua ukishakwisha. Wangenunua Januari au wangenunua Novemba, ni mamoja. Karatasi hii inaishi mpaka Desemba, tarehe thelathini na moja."

"Nani kasema?"

"Sheria ya nchi. Ile inayokupa na wewe likizo."

Merle alikuwa binti mwema na aliipenda likizo. Akaigeuza vocha upande wa mbele, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Kisha uso wake ukang'aa, si kwa furaha, bali kwa afueni ya mtu aliyepata sababu.

"Haina muhuri," alisema.

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Hata yule aliyedai kaunta ya pili alisogea aone.

Msomaji, hapa mjini unaweza kubishana na mtu juu ya bei, tarehe, hata juu ya mipaka ya ua wa jirani, na ukashinda. Juu ya muhuri hubishani. Na kweli pale chini, kwenye duara la vitone lililoachwa makusudi, palikuwa peupe.

Bi Irmtraud akaliinamia duara lile kwa miwani zote mbili. Yule mama wa ofisi ya wanunuzi hakuwa amesema lolote kuhusu muhuri. Tena Bi Irmtraud aliijua vizuri hali ile, maana kwa miaka thelathini na nne yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili wa kaunta. Aliwahi kumrudisha nyumbani baba wa mapacha, Ijumaa jioni, mvua ikinyesha, kwa sababu cheti cha hospitali kilikuwa na muhuri mmoja badala ya miwili. Mapacha wale walikaa siku tatu bila kuwepo duniani. Wakati ule aliona ametenda haki.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "tatizo ni muhuri tu."

"Ni muhuri tu, mama."

"Muhuri ungekuwepo, ungeipokea?"

"Ningeipokea. Mimi nina ubaya gani na wewe?"

"Lazima muhuri wa namna fulani?"

"Muhuri ni muhuri, mama."

Bi Irmtraud akafungua mkoba wake wa mkononi. Alitoa leso, funguo, tufaha lililoumwa kidogo, na hatimaye kijisanduku cha bati. Akakifungua, akalowesha kitu kwenye wino, akalenga duara la vitone, akagonga. Alikuwa na mkono wa kazi, ule hausahauliki. Akapuliza wino mara mbili na kumsogezea Merle vocha.

Merle akautazama muhuri. Ulikuwa wa buluu, wa mviringo, umenyooka, umeingia ndani ya duara bila kutokeza hata kidogo.

"Haya," alisema, "sasa iko sawa."

Usicheke, msomaji. Katikati ya muhuri ule alikuwepo sungura mwenye masikio marefu, na kumzunguka yaliandikwa maneno ya Chama cha Wafugaji Sungura, ambacho Bi Irmtraud ni katibu wake. Huutembeza muhuri huo kwenye mkoba tangu mwenyekiti alipousahau kwenye maonyesho ya mifugo. Merle hakusoma hata herufi moja. Sisi mihuri hatuisomi, tunahakikisha ipo.

Mashine ikalia mara mbili na kugoma. Vocha ya zaidi ya yuro mia mbili ilihitaji ufunguo wa tajiri mwenye duka.

"Bwana Quastenberg, kaunta ya kwanza," Merle aliita kwenye kipaza sauti, na duka zima likamsikia.

Akaja Bwana Ottfried Quastenberg, mjukuu wa mwanzilishi, tai imenyooka, uso umesawajika. Akaichukua vocha. Na kwa bahati mbaya yeye alikuwa mtu pekee mjini anayesoma mihuri.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Sungura," alisema Bi Irmtraud.

"Naona kuwa ni sungura."

"Dume wa buluu. Ana medali."

"Mama, unajua kughushi muhuri ni kosa la jinai? Naweza kuwaita polisi sasa hivi."

Sauti ya Bi Irmtraud ilitoka kavu, ile ya kuwarudisha akina baba wa mapacha.

"Waite. Sikughushi wako. Nimegonga wangu, wa halali, kwenye karatasi yangu. Wako haukugongwa kwa sababu mtu wako alisahau, na mimi sitalipia usahaulifu wa duka lako. Vocha ina namba. Itafute kwenye kompyuta yako. Kama haimo, nipeleke polisi mwenyewe, nitakufungulia mlango wa gari."

Bwana Quastenberg hakutaka kutafuta. Merle, ambaye hakuna aliyemwambia asitafute, alikuwa ameshaibonyeza.

"Imo?" aliuliza mzee mmoja kwenye foleni. Huyu ni mzee Tietjen, fundi saa mstaafu, aliyefiwa na mke miaka sita iliyopita. "Binti, imo au haimo?"

"Imo," alisema Merle. "Imelipiwa, haijatumika."

"Na muhuri?"

"Kompyuta haiulizi muhuri," alisema Merle, na yeye mwenyewe akashangaa.

Hapo ndipo pochi zilipoanza kufunguliwa. Kwa maana katika mji huu hakuna asiye na vocha ya Quastenberg iliyofia kabatini. Mwalimu mmoja alikuwa nazo mbili. Yule wa kaunta ya pili alikuwa na moja ya harusi yake, na ndoa yenyewe ilishavunjika. Mzee Tietjen alitoa bunda lililofungwa kwa mpira, vocha kumi na nne.

"Tangu mke wangu afariki, hakuna anayejua anipe nini," alimweleza Bi Irmtraud, kama anayeomba radhi. "Kila sikukuu vocha. Nilikuja mara tatu. Mara ya kwanza wakaniambia haitumiki kwa vitu vilivyopunguzwa bei. Mara ya pili kila kitu kilikuwa kimepunguzwa bei. Mara ya tatu zikawa zimekufa."

"Za miaka gani?"

"Mwaka jana, mwaka juzi, na ule wa kabla yake."

"Ziko hai zote, mzee. Kaa kwenye foleni."

Watu wakapiga simu nyumbani. Dada akamwita dada, jirani akamwita jirani, na kufikia saa tano na dakika arobaini foleni ilikuwa imepita sufuria, imepita mito ya kulalia, imefika kwenye miavuli.

Kupitia katikati ya foleni hiyo akaja mwanamke amevaa helmeti ya baiskeli ya umeme, akisema kulia na kushoto, "Nina swali tu, mimi nina swali tu." Kwetu mwenye swali hapangi foleni. Wengine huishi miaka themanini kwa maswali.

Alikuwa Bi Adelheid. Watu humwita Mama Daktari, ingawa daktari wa meno alikuwa mumewe na yeye hajawahi kung'oa hata jino.

"Mkwe," alisema, akimbusu hewani. "Mbona unatoka jasho? Nimepita tu. Kumbe ndiyo huu mkoba wenyewe. Si wangekuwa nao wa rangi nyingine?"

"Jette anautaka huu."

"Najua anautaka huu, alininong'oneza akiwa bwawani. Vocha imekubali?"

"Inakubali sasa hivi."

"Kama itasumbua, kadi yangu ya benki haina tarehe ya kufa wala haihitaji muhuri."

"Tulisema Ijumaa saa nane, mkwe. Leo ni Alhamisi."

"Nangoja, mkwe wangu. Nangoja hapahapa."

Na akasimama kando ya kaunta, helmeti kichwani, akiutazama mkoba kama mtu anayetazama kiti kwenye basi lililojaa.

Bwana Quastenberg akamshika Bi Irmtraud kiwiko, akamvuta nyuma ya rafu ya soksi.

"Chukua mkoba," alinong'ona. "Merle atakutolea risiti, utatia sahihi nyuma ya vocha, basi. Kisha tokea mlango wa ghala, uko wazi."

Bi Irmtraud hakuzoea kushinda haraka hivyo. "Mbona mlango wa ghala?"

"Kwa sababu ukipita huku wote watakuona umepata."

"Si nao watapata?"

Tajiri akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na nane.

"Jana nimepeleka karatasi mahakamani," alisema. "Duka limefilisika, mama. Saa sita kamili anaingia mfilisi, atachukua funguo. Akishaingia, hakuna vocha, iwe ya jana au ya leo, inayopokelewa tena. Kila mtu ataandika barua ya madai, jina lake litaingia kwenye orodha, chini kabisa, baada ya benki, baada ya kila mtu."

"Na mwisho wa orodha kuna nini?"

"Senti tano kwa kila yuro, labda. Labda baada ya miaka minne."

Kutoka kwenye kaunta ilisikika sauti ya Merle, changamfu, ikimwambia mama mmoja kijana aliyebeba mtoto: "Ya hamsini au ya mia? Ukichukua ya mia unaongezewa kumi ya bure."

Bi Irmtraud akamgeukia tajiri. "Bado mnaziuza?"

"Merle hajui. Sijamwambia." Bwana Quastenberg akalegeza tai, na kwa mara ya kwanza akaonekana mzee. "Babu yangu alianza na toroli, mama. Nilidhani wiki hii ya shule ingetuokoa. Nikiwaambia wale, watavamia rafu, hapatabaki kitu, wala wewe hutahudumiwa. Mkoba ni mmoja. Nakupa wewe. Nyamaza tu mpaka saa sita."

Ninyi mnaosoma kwa raha zenu, msiseme jibu lilikuwa rahisi. Rahisi ni kwenu, hamna mjukuu anayewaita Wengine.

Bi Irmtraud akarudi kwenye kaunta. Merle alikuwa ameuweka mkoba ndani ya mfuko mkubwa wa karatasi, mkia wa nyangumi ukichungulia. Pembeni palikuwa na kalamu iliyofungwa kwa mnyororo, kwa kuwa Quastenberg waliwaamini wateja wao kwa kila kitu isipokuwa kalamu.

"Sahihi hapa nyuma, mama. Inabaki yuro moja. Hatutoi chenji ya vocha, lakini naweza kukuandikia vocha ya yuro moja."

Akaishika kalamu. Aliyaona yote kwa mara moja: lango la shule, Jumamosi, picha inapigwa, mwalimu anauliza mkoba mzuri huu nani kakununulia, na mtoto anamtaja yeye. Kila asubuhi kwa miaka minne. Alitaka jambo hilo kwa namna iliyomtia hata haya. Hakuwahi kutaka kitu hivyo tangu mumewe alipokuwa mgonjwa.

Akainua macho. Hakuwa na desturi ya kuinua macho. Kazini aliona mikono na karatasi, nyuso aliwaachia wengine. Mzee Tietjen alikuwa anazipanga vocha zake kumi na nne kwa tarehe, anaipangusa kila moja kwa kiganja. Nyuma yake mama kijana alikuwa anahesabu noti, mia moja kamili, zawadi ya mwalimu kutoka kwa wazazi wa darasa zima.

Saa ilisema tano na hamsini na moja.

"Mama," alinong'ona Bwana Quastenberg, "tia sahihi."

Bi Irmtraud akaiachia kalamu, ikaning'inia kwenye mnyororo. Akamsukuma Merle taratibu, akakivuta kipaza sauti. Hakuwahi kukitumia, kwa hiyo alisema kwa sauti aliyokuwa akifungishia ndoa.

"Ndugu wateja, nisikilizeni. Duka hili limefilisika tangu jana. Saa sita vocha zenu zote zitakuwa karatasi tupu. Mna dakika tisa. Chukueni chochote cha thamani ya vocha zenu, njooni kaunta, na asikubali mtu kuambiwa tarehe wala muhuri. Na wewe mwenye mtoto, rudisha noti zako mfukoni."

Sufuria zikaanza kulia.

Walikimbia walimu, walikimbia wastaafu, yule wa ndoa iliyovunjika alipita na mito minne. Merle alilia huku akipokea vocha kwa mikono miwili, hakuuliza tarehe hata moja. Mzee Tietjen hakukimbia. Alikwenda taratibu kwenye saa za ukutani, akaanza kuzisikiliza moja moja, na Bi Irmtraud ikambidi atoke nyuma ya kaunta, amshike mkono, amwambie, "Mzee, leo usichague, beba."

Aliporudi, mahali pa mfuko kwenye kaunta palikuwa patupu.

Kwenye mashine ya pili, ambayo hatimaye ilikuwa imefunguliwa, kadi ya benki ililia mara moja, ikakubali.

"Umefanya jambo la maana sana, mkwe," alisema Bi Adelheid, akiutia mfuko begani, mkia wa nyangumi ukichungulia. Macho yake yalikuwa na machozi, na ubaya ni kwamba yalikuwa ya kweli. "Nitamsimulia Jette yote. Jumamosi njoo mapema, nitakuwekea kiti."

Akaondoka akisema kulia na kushoto kwamba ana swali tu.

Saa ilisema tano na hamsini na nne. Katika duka zima hapakuwa na mkoba mwingine wa shule, na Bi Irmtraud Hoops alisimama katikati ya sufuria zilizomwagika akiwa bado ameishika vocha ya yuro mia mbili hamsini, hai, halali, imegongwa muhuri, na dakika sita za kuitumia.